Mahindi Yenye Ukungu, Hata Bata Usimpe

(Muziki wa kipindi. Unashushwa taratibu.)

Kama uko nje unawasha moto, sogeza redio karibu na jiko, maana leo nazungumzia kile kilichomo ndani ya sufuria.

Nianze na bata wa nyumbani kwetu. Tulikuwa na bata jike mmoja na vifaranga tisa. Mwezi wa tatu, mvua bado kali, maji yalipita chini ya turubai yakalowesha gunia la mahindi, yale machache tuliyovuna nyuma ya nyumba. Hatukujua. Tulikuja kugundua baada ya siku kama kumi hivi, mama alipoingiza mkono ndani ya gunia akasema, "Mbona yana joto?" Akamwaga yote chini. Ya juu yalikuwa mazuri. Ya chini yalishikana mabonge, na ukungu wa kijani.

Mama akafanya kama wanavyofanya wengi wetu. Mazuri tukaanika. Mabaya akasema wapewe bata, chakula kisipotee. Wiki haikuisha, vifaranga saba wakawa wamekufa. Jirani mmoja alisema ni kijicho cha watu. Mama alisema ni mdondo. Hakuna aliyewapima wale vifaranga, kwa hiyo mimi siwezi kuapa ni nini kiliwaua. Ila nilipokuja kusoma habari hii ya ukungu, nikawakumbuka.

Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa miezi michache, na vifaranga wa bata nao walikufa. Watu hawakujua ni ugonjwa gani. Wakatafuta mpaka wakafika kwenye chakula chao: kilikuwa na mashudu ya karanga, na karanga zile zilikuwa zimeota ukungu. Ndani ya ukungu ule ndipo ilipogunduliwa sumu inayoitwa aflatoksini. Hapa Tanzania wanaiita sumukuvu, na jina hilo linafaa kabisa, ni sumu itokayo kwenye kuvu.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi tunapokosea. Ukungu na sumu si kitu kimoja. Ukungu unauona. Sumu huioni, haina harufu, haina ladha. Ukifuta ukungu kwa kitambaa, punje inang'aa, lakini sumu imebaki ndani. Na moto wa jikoni hauiondoi. Maji yanachemka kwenye joto la nyuzi 100, sumu hii inavumilia joto zaidi ya hapo. Ugali uive vipi, makande yachemke kutwa nzima, haisaidii. Nimesikia watu wakisema, "Aa, itaungua kwenye moto." Haiungui.

Na pombe? Kuna wanaochukua mahindi mabovu wakayatia kwenye pombe, eti yakichacha sumu inakufa. Usitegemee hilo. Anayekunywa ni mtu.

Usidhani ni mambo ya bata tu. Mwaka 2004, Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hii, na 125 wakafa. Ulikuwa mwaka wa njaa. Kuna waliovuna mahindi kabla hayajakauka kwa kuogopa wezi, wakayaweka ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Msikilizaji, hebu tazama chini ya kitanda chako. Sisi tunaweka wapi mahindi? Ndani. Kwa nini? Kwa sababu hiyohiyo. Halafu mwaka 2016, humuhumu Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki.

Dalili zake, mtu akila nyingi kwa mara moja: anatapika, tumbo linauma, linaweza kuvimba, miguu nayo inavimba, macho yanageuka manjano. Ukiona macho ya manjano, usisubiri kesho, mpeleke mgonjwa zahanati, na uwaambie wahudumu mmekula nini nyumbani. Mkaguzi wa malaria hawezi kujua habari ya mahindi yako kama hukumwambia.

Anayekula kidogo kidogo kila siku haugui leo. Sumu inashambulia ini polepole, na baada ya miaka inaweza kuleta saratani. Mwenye homa ya ini aina ya B yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Na mama anayenyonyesha, sehemu ya sumu inapita kwenye maziwa yake. Mbuzi pia: ukimpa chakula chenye ukungu, maziwa utakayomkamua yanaweza kuwa nayo. Ndiyo maana nasema hata bata usimpe, hata mbuzi, hata kuku. Tunadhani mnyama ni jaa la kumaliza vibovu, kumbe vinaturudia mezani.

Hapo mama yangu aliniuliza, na najua nawe unauliza. Alisema, "Weye unasema tutupe. Mgao wenyewe ni huu, tena umepungua. Nitupe chakula watoto wakitazama? Kule kwetu Fizi muhogo ukishika weusi tunakwangua, tunakula, mbona hatukufa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mtu aliyeshiba anaweza kusema tupa. Lakini nilimwonyesha jambo moja, na ndilo ninalotaka ulishike leo. Sumu haijagawanyika sawasawa kwenye gunia. Mara nyingi imekaa kwenye punje chache: zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Ukiondoa hizo kwa mkono umeondoa sehemu kubwa ya sumu. Hukutupa gunia. Umetupa bakuli.

Kwa hiyo kabla ya kwenda mashineni, mwaga mahindi kwenye ungo au turubai safi, mchana, kwenye mwanga. Wakae watoto wakubwa wachague. Pepeta. Ukiyaosha, yanayoelea juu ya maji yaondoe. Ila ukishaosha, yapike siku hiyo au yaanike yakauke tena kabisa, la sivyo umejitafutia ukungu mpya. Ikiwa karibu yote yameshikana mabonge ya kijani, hapo hakuna cha kuchagua. Yafukie, kuku wasiyafukue.

Ukiweza, koboa kabla ya kusaga. Sumu nyingi inakaa kwenye ganda na kiini, kwa hiyo dona la mahindi mabovu ni baya kuliko sembe. Lakini angalia, zile pumba ndizo zimebeba mzigo! Ukiwapa kuku pumba za mahindi yaliyoharibika umewapa sumu iliyokusanywa pamoja.

Unga ukishasagwa huwezi kuuchagua tena. Ukiona mfuko wa unga umelowa au una mabonge pale kwenye mgao, usiondoke nao ukinung'unika njiani. Uonyeshe palepale, uombe ubadilishiwe. Si utovu wa adabu.

Karanga nazo. Wale wanaouza karanga za kusaga pale sokoni watanisamehe. Karanga nzuri zinauzwa nzima, zile zilizosinyaa na kubadilika rangi zinakwenda kwenye kinu, kwa sababu zikishasagwa hazionekani. Ukitaka mchuzi wa karanga, nunua nzima, usage mwenyewe. Ukitafuna ikawa chungu, iteme, usimeze kwa aibu.

Kuhusu kukausha. Usianike juu ya udongo mtupu, kuvu linaishi kwenye udongo. Tandika turubai au mkeka. Mvua ikitishia, kunja haraka. Na kujua kama mahindi yamekauka kweli, kuna kipimo kisichohitaji pesa. Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia chumvi kavu kidogo. Chumvi yetu huku inashika maji, kwa hiyo ikaushe kwanza kwenye sufuria juu ya moto, iache ipoe. Ongeza mahindi mpaka kama theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika moja, kisha tuliza robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikibaki chini, unaweza kuhifadhi. Nimejaribu mwenyewe hapa studio, na mwenzangu wa mitambo alikuwa ananicheka.

Mkishakausha, gunia lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta. Weka matofali, weka juu yake vipande vya mbao au fito, hewa ipite chini. Turubai likivuja upande mmoja, hamishia gunia upande mwingine leo, usingoje wingu. Na kila wiki ingiza mkono mpaka katikati ya gunia. Ukikuta joto, mwaga yote siku hiyohiyo, anika.

Sisi nyumbani tulitengeneza kichanja cha fito nne. Mama bado anasema ni mambo ya redio, lakini Jumamosi iliyopita nilimkuta ameketi na ungo, anachagua, na kibovu anakiweka kwenye kopo lenye kifuniko ili bata wasikifikie. Yule bata jike bado yupo. Ametotoa tena.

Kama una swali, liandike kwenye karatasi umpe kiongozi wa kijiji chako, litatufikia. Kinamama wanaopika makande sokoni, nataka kusikia kutoka kwenu: mahindi yenu mnachagua saa ngapi, na nani anawasaidia? Tutasoma majibu yenu wiki ijayo, saa hii hii. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi unapanda.)