Kijiwe Ndani ya Pakiti

Mtu anunuaye pakiti ya njugu iliyofungwa kiwandani, akatafuna, mara jino likakatika juu ya kijiwe, aghalabu hulaumu bahati yake na kukitupa kijiwe kile jaani, asijue kwamba amemtupa shahidi wake mkubwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na fidia ya hasara au madhara yatokanayo na kasoro zake. Wala si lazima awe ndiye aliyelipa: mwaka 1932 Bunge la Malordi la Uingereza, katika shauri la bibi wa Uskoti aliyenunuliwa kinywaji na rafikiye, akadai chupani mlikuwa na konokono, liliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kujihadhari kwa ajili ya mtumiaji wa mwisho.

Basi aliyefikwa na msiba huu na akiweke kijiwe, kipande cha jino, pakiti na risiti. Amwone tabibu wa meno siku ileile, amwandikie cheti. Kisha awaandikie wenye kiwanda, wala asiwakabidhi kijiwe chenyewe pasipo hati ya kukipokea. Wakimletea katoni ya njugu kuwa ndiyo fidia, asitie sahihi ya kuikubali kabla hajajua gharama ya jino.