Chakula na Maneno: Malezi ya Mtoto Mdogo Katika Meru na Embu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka)



Kamati imeniagiza niseme juu ya mtoto tangu azaliwapo hata afikapo miaka mitatu, na hasa mambo mawili: kula kwake na kusema kwake. Pengine yuko mzee ajiulizaye, "Karani ana habari gani za watoto wachanga? Hayo si mambo ya wanawake?" Swali hilo ni la haki. Nami najibu kwamba ng'ombe akamuliwapo, na mbuzi achinjwapo, na fedha za kahawa zipokewapo, aghalabu mwenye kuamua zigawanywe vipi ni mwanamume. Basi haifai lawama ya mtoto aliyedhoofika aachiwe mama peke yake.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, maana uko hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani, miongoni mwao Profesa Nimrod Bwibo na Profesa Charlotte Neumann, walifanya kazi Kyeni, katika Embu, wakichunguza chakula cha nyumbani na makuzi ya watoto. Watoto wapatao 100 walitazamwa majumbani mwao, tangu umri wa miezi 15 hata miezi 30. Ikaonekana kwamba wale waliosemeshwa mara kwa mara, na walioitikiwa kila walipotoa sauti zao, walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili kuliko wale waliosemeshwa kwa nadra.

Tena mwaka 1998 ilianza kazi nyingine huko huko Kyeni, katika shule 12 za msingi. Watoto wa darasa la kwanza katika shule kadhaa walipewa githeri yenye nyama ya kusaga. Katika nyingine, githeri pamoja na maziwa. Katika nyingine, githeri iliyoongezwa mafuta. Na shule zilizosalia hazikupewa chakula, ili matokeo yapate kulinganishwa. Walioendelea zaidi katika majaribio ya kufikiri walikuwa wale wa nyama. Kadhalika hao ndio walioonekana wachangamfu zaidi uwanjani, na wepesi wa kuwaongoza wenzao.

Wazee wangu, mnajua jinsi nyama igawanywavyo katika nyumba nyingi. Vipande vizuri huwekewa watu wazima na wageni, na mtoto hupata mchuzi. Heshima ya wazee siipingi hata kidogo. Lakini mchuzi mtupu haufanyi kazi ya nyama, na mtoto hahitaji nyingi. Vijiko viwili vya nyama au maini yaliyosagwa ni kitu kikubwa kwake. Mzee atakayetoa kipande chake akasema, "Mpeni huyu," hatapungukiwa na heshima.

Sasa niseme juu ya utaratibu wa chakula. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yatosha peke yake, bila maji wala uji. Baada ya hapo mtoto aongezewe chakula, huku akiendelea kunyonya hata afike miaka miwili au zaidi. Uji wa wimbi au mawele uwe mzito, usiochuruzika kijikoni, maana uji mwepesi hujaza tumbo bila kumpa nguvu. Ndizi, viazi, ndengu na maharagwe vipondwe laini, na yai litiwe lipatikanapo. Chai asipewe, kwa sababu huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika chakula. Awe na bakuli lake mwenyewe, kwa maana alaye pamoja na wakubwa kwa sahani moja hushindwa mbio. Wala asilazimishwe kwa kubanwa pua au kumiminiwa uji kwa mkono. Chakula chaweza kuingia katika mapafu, kikamletea ugonjwa au kifo. Na desturi ya kumkata mtoto kimio, ati apate kula au aache kukohoa, yafaa ikomeshwe, kwani humletea kutokwa damu na kuoza kidonda.

Mwaka 1935 daktari mmoja wa kike, Cicely Williams, aliandika juu ya ugonjwa wa kuvimba miguu na kubadilika nywele aliouona katika nchi ambayo leo ni Ghana. Aliuita kwashiorkor, kwa jina la wenyeji wa huko, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa ajili ya mdogo wake. Basi nyumba ipatapo mtoto mpya, na tumwangalie zaidi yule aliyemtangulia.

Ama kusema, mtoto hujifunza kwa kusemeshwa. Mama anapochambua maharagwe, amwambie afanyalo. Mtoto akibwabwaja, aitikiwe kana kwamba amesema neno. Nyanya na babu wana hazina ya hadithi na vitendawili ambayo redio haiwezi kuitoa, kwa sababu redio haimjibu mtoto. Tena tusione haya kumsemesha kwa Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kitharaka. Lugha ya nyumbani haizuii Kiswahili wala Kiingereza. Ndiyo msingi ambao hizo nyingine hujengwa juu yake. Mzazi amsemeshaye mtoto Kiingereza asichokijua vema humpa maneno machache, naye humnyima mengi.

Aghalabu mtoto hutamka maneno ya kwanza apatapo mwaka mmoja, na kuunganisha mawili afikapo miaka miwili. Asiyegeuka aitwapo, au asiye na neno hata moja kwa miezi 18, asingojewe kwa kusema, "Hata baba yake alichelewa." Wala asifichwe nyumbani kwa aibu. Huenda hasikii, pengine kwa sababu ya usaha wa masikio uliopuuzwa. Apelekwe hospitali, kisha kwenye vituo vya kupima watoto vilivyoanzishwa nchini tangu 1984. Shule za viziwi ziko karibu, Kaaga katika Meru na St. Luke's katika Embu. Na lugha ya ishara imetajwa katika Katiba ya 2010.

Kwa hiyo naleta ombi moja mbele ya mkutano huu. Chama chetu hutoa msaada wa mazishi bila kuchelewa, na ni jambo jema. Naomba sehemu ndogo ya mfuko huo itengwe kuwa nauli ya mzazi ampelekaye mtoto wake kupimwa. Wahenga walisema, udongo upatize ungali maji. Miaka mitatu ya kwanza haimrudii mtu, na mfuko uliochangwa kwa ajili ya wafu wetu hautapungukiwa na baraka ukiwafaa na hao wasioweza bado kujisemea.