Kutenganisha si kukata

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Juma hili nataka tuipime methali hiyo ndani ya chombo tunachokutana nacho kila siku, yaani mizani ya umeme, ile yenye tarakimu zinazowaka, buchani na kwenye maduka ya nafaka. Ndani ya mizani hiyo wamo mafahali wawili, na jinsi walivyowekwa ndiyo inayoamua kama kilo unayolipia ni kilo kweli.

Fahali wa kwanza ni mpole, naye ni sehemu ya analogi. Chini ya sahani ya mizani kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno mzigo unapowekwa. Juu yake vimegandishwa vipande vyembamba vinavyobadili ukinzani wake wa umeme chuma kinapopinda. Katika mizani ya kilo 30, ishara yote, toka sahani tupu hadi mzigo kamili, mara nyingi ni milivolti 10 tu. Kilo moja, basi, ni theluthi ya milivolti, wakati betri ndogo ya redio ina milivolti 1,500.

Fahali wa pili ni mkali, naye ni sehemu ya dijitali: chipu inayopiga hesabu na tarakimu zinazowaka. Huyu hufungua na kufunga mamilioni ya mara kwa sekunde, na kila mara huvuta umeme kwa mshtuko.

Shida iko wapi? Iko kwenye njia ya kurudi. Umeme hauendi ukapotea. Kila mkondo unaotoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri, na njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wanayoiita ardhi. Wengi hudhani ardhi ni sifuri popote uigusapo. La hasha! Ardhi ni shaba, na shaba ina ukinzani. Mstari wa shaba kwenye bodi, wenye upana wa milimita 1 na urefu wa sentimita 10, una ukinzani wa kama omu 0.05. Pitisha humo miliampea 20 za fahali mkali, utapata tofauti ya milivolti 1 kati ya ncha na ncha. Sasa ikiwa fahali mpole naye anarudi kwa mstari huohuo, na tofauti hiyo ikaingia kwenye kipimo, milivolti 1 ni sawa na kilo 3 za nyama! Kama tofauti hiyo ingetulia, mizani ingeifuta inapoanza kwenye sifuri. Lakini haitulii, hupanda na kushuka kadiri chipu inavyofanya kazi.

Ndiyo maana kwa miaka mingi wanafunzi wa elektroniki wamefundishwa kuikata ardhi vipande viwili, analogi huku na dijitali kule. Aidha, chipu nyingi zinazogeuza ishara ya analogi kuwa namba zina miguu miwili ya ardhi, kila mmoja na jina lake, na kijana akiiona huamini ameamriwa kukata. Lakini majina yale yanaeleza tu mguu umeungana na sehemu gani ndani ya chipu. Kwa kawaida miguu hiyo yote miwili hutakiwa iunganishwe kwenye ardhi moja, kwa njia fupi iwezekanavyo.

Na kukata kuna adhabu yake. Mkondo unaobadilika kwa kasi hupenda kurudi chini kabisa ya waya uliokwenda nao. Ukikata ardhi mahali hapo, mkondo hulazimika kuzunguka mbali, na mzunguko ule mpana hugeuka antena. Mbunifu alitaka kunyamazisha kelele, kumbe ameitangaza.

Henry Ott, mhandisi wa Marekani aliyebobea katika jambo hili, alishauri kugawa bodi bila kuikata ardhi. Fikiria nyumba ya kupanga yenye ua mmoja. Mpangaji mmoja ni mgonjwa anayehitaji usingizi, mwingine ni seremala. Huna haja ya kuchimba handaki katikati ya ua. Mpe seremala chumba cha karibu na lango, ili mbao na wateja wake waingie na kutoka bila kupita mlangoni kwa mgonjwa. Kwenye bodi ni hivyohivyo: ardhi iwe shaba moja pana, umeme uingilie upande wa dijitali, sehemu za analogi zikae kando, chipu ya kugeuza ikae mpakani, na waya wa dijitali usikatize upande wa analogi. Vyombo vinavyotakiwa kutengwa kabisa vipo, kama mashine ya kupima moyo, ili kumlinda mgonjwa. Humo habari huvushwa kwa mwanga au kwa transfoma, si kwa waya.

Nina neno pia kwa wenye kumbi na vipaza sauti. Kompyuta na amplifaya zikichomekwa kwenye soketi za mbali mbali, kisha zikaunganishwa kwa waya wa sauti, spika huweza kunguruma, na wapo wanaovunja pini ya tatu ya plagi ili ngurumo iishe. Ndugu zangu, pini ile ni ulinzi wa uhai. Siku waya wenye umeme ukigusa bodi ya chuma, bila pini hiyo atakayepitisha umeme kwenda ardhini ni mtu atakayeishika. Chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, au weka transfoma ndogo ya sauti kwenye waya wa ishara. Ngurumo itapungua, na mwimbaji atabaki hai.

Kwa hiyo mimi nasema, kwa ruhusa ya wahenga, mafahali hawa wawili hukaa zizi moja, mradi mwenye zizi amejua kila mmoja apite wapi. Kijana anayechora bodi leo na ajiulize swali moja kabla ya kuchukua kisu: mkondo huu utarudi kwa njia gani?

Tukutane juma lijalo. Kwaherini.