Kreni Kabla ya Kuwashwa

Katika maeneo ya Nzega na Bukene, ambako reli mpya ya Tabora hadi Isaka inapita, kreni inayotembea kwa minyororo haina budi, kila alfajiri kabla ya kuwashwa, kuzungukwa na mwendeshaji wake kwa miguu, atazame mafuta yaliyovuja, pini za minyororo, kulabu na kifungio chake, na zaidi ya yote kamba ya chuma, ambayo nyuzi zake hukatika mmoja mmoja kwa siri kabla ya kamba yote kukatika. Kisha aichunguze ardhi, kwa kuwa udongo mweusi wa mbuga, mgumu wakati wa kiangazi, hulainika mvua zinyeshapo hata mtambo ukainama, nao ukiinama uwezo wake wa kubeba hupungua. Akiona kasoro aiandike daftarini, na msimamizi anayemharakisha anamdhulumu.