Mpanda Ngazi Hushuka: Mazungumzo kwa Wakazi Kuhusu Mbio za Milima ya Ndakaini



Mkazi wa Ndakaini hahitaji kuelezwa mlima ni nini. Asubuhi anaupanda na mzigo wa majani chai mgongoni akielekea kituoni, mchana anaushuka kurudi nyumbani, na jioni anaupanda tena kumfuata ng'ombe. Hata hivyo, mbio zinapotajwa, wengi hujitoa mapema. Husema mbio ni za watu wa Iten na Kapsabet, na kwamba kazi ya mtu wa Gatanga ni kusimama kando ya barabara na kupiga makofi.

Mazungumzo haya yana mambo mawili. La kwanza ni jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kukimbia katika milima hii na akafika mwisho akiwa mzima. La pili ni kwa nini mbio hizi ni za mwenyeji kabla ya kuwa za mgeni.

Mbio za nusu marathoni za Ndakaini ni za kilomita 21, na huzunguka eneo la bwawa, katikati ya mashamba ya chai, chini ya milima ya Aberdare. Zilianzishwa katika miaka ya 2000 ili watu wakumbuke kutunza ardhi inayolizunguka bwawa hilo. Mandhari yake humfanya mgeni asimame kupiga picha: maji yametulia bondeni, chai imetandazwa kama mkeka wa kijani, na ukungu unaondoka polepole vilimani. Lakini mgeni huyo huyo, akifika kilomita ya 12, husahau picha. Wanariadha wengi wanazihesabu mbio hizi kuwa miongoni mwa nusu marathoni ngumu nchini, na ugumu huo umeletwa na milima.

Usijipime kwa saa ya Berlin

Kosa la kwanza la mkimbiaji mgeni ni kuleta hesabu za mahali pengine. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni kamili ya kilomita 42.195 kwa saa 2, sekunde 35, mjini Chicago mwaka wa 2023. Eliud Kipchoge alikimbia saa 2, dakika 1 na sekunde 9 mjini Berlin mwaka wa 2022. Barabara za miji hiyo miwili ni tambarare. Mwinuko ukiingia, hesabu hubadilika hata kwa bingwa.

Mfano mzuri ni Boston, Marekani. Mbio za huko huanza kwa kuteremka, kisha baada ya kilomita 25 hivi mkimbiaji hukutana na milima ya Newton. Mwezi wa Aprili 2023 Kipchoge alienda huko akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia. Karibu na kilomita ya 30, katika milima hiyo, wenzake walimwacha, akamaliza wa 6. Mshindi alikuwa Mkenya mwenzake, Evans Chebet, aliyekuwa ameshinda hapo mwaka uliotangulia. Ikiwa mlima unaweza kumfanyia hivyo mtu kama Kipchoge, mkimbiaji wa kwanza hana sababu ya kuona haya anapopunguza mwendo.

Kwa hiyo mlimani saa ya mkononi haisaidii sana. Kipimo bora ni pumzi. Mtu anayepanda na bado anaweza kusema sentensi nzima kwa mwenzake yuko sawa. Anayeweza kutoa neno mojamoja tu amezidisha, na mwili utamdai baadaye. Nguvu zilizomwagwa katika kilomita 5 za kwanza ni kama maji yaliyomwagika: hayazoleki. Ikibidi kutembea kwenye mwinuko mkali, atembee kwa hatua fupi za haraka, mikono ikisaidia, macho yakitazama mbele kidogo badala ya kileleni. Mara nyingi mwenye kutembea vizuri humpita anayejilazimisha kukimbia.

Mchuma chai ana nini, na amekosa nini

Tuchukue mfano wa mama anayechuma chai, mwenye umri wa miaka arobaini hivi, ambaye hajawahi kuvaa namba ya mbio. Ana mtaji ambao mtu wa ofisini hana. Miaka mingi ya kupanda na mzigo imempa miguu imara, mapafu yaliyozoea hewa ya juu, na subira. Ndakaini iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kwa tano ikilinganishwa na pwani. Mgeni kutoka Mombasa atahema akiwa bado anatafuta choo. Mama huyu hatahisi kitu.

Alichokosa ni kimoja: hajazoea kuteremka akikimbia. Na hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtu huogopa kupanda na kufurahia kuteremka, huku mteremko ndio unaovunja miguu. Wakati wa kupanda, misuli husukuma mwili juu. Wakati wa kuteremka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki: inavutwa na kurefuka huku ikijikaza, na nyuzi zake ndogo huchanika. Ndiyo maana mtu humaliza mbio akicheka, kisha kesho yake au kesho kutwa anashuka ngazi kinyumenyume akishika ukuta. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema atashuka vipi. Hilo linahitaji mazoezi.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Anayeteremka kidogo wiki hii, wiki ijayo akiteremka tena huhisi maumivu madogo kuliko ya mara ya kwanza. Mama huyu akijipa wiki 12, siku 3 kwa wiki zinamtosha.

Siku ya kwanza ni ya mwendo mwepesi. Aanze kwa kutembea dakika 4 na kukimbia dakika 1, akirudia kwa nusu saa. Kila wiki dakika za kukimbia ziongezeke na za kutembea zipungue. Siku ya pili ni ya mlima: achague mwinuko mmoja wa mita 200 hivi, apande kwa nguvu ya wastani, kisha ateremke akikimbia polepole. Mara 3 mwanzoni, hadi mara 8 baadaye. Siku ya tatu ni ya safari ndefu, ambayo huongezeka kidogokidogo hadi ifike saa 2 au zaidi. Katika wiki 2 za mwisho apunguze, asiongeze. Anayejaribu kufidia mazoezi aliyokosa kwa kukimbia sana siku chache kabla ya mbio hufika akiwa amechoka.

Na anapoteremka, hatua ziwe fupi na nyingi. Mwili uegemee mbele kidogo, kwa sababu kuuvuta nyuma hufanya kisigino kigonge ardhi kama nyundo na goti libebe mshtuko wote. Mvua ikiwa imenyesha, udongo mwekundu huteleza kuliko sabuni, kwa hivyo apunguze kabla ya kona wala asingoje kuwa ndani yake. Raba ziwe zile alizofanyia mazoezi. Raba mpya siku ya mbio huleta malengelenge.

Chakula, maji na afya

Jioni ya kuamkia mbio, githeri isubiri. Mahindi na maharagwe ni chakula kizuri, lakini hukaa tumboni muda mrefu na huleta gesi. Ugali, wali, viazi au nduma vinafaa zaidi. Asubuhi, uji na ndizi saa 2 au 3 kabla ya kuanza vinatosha.

Kuhusu maji, wengi hudhani kadiri mtu anavyokunywa ndivyo anavyokuwa salama. Si kweli. Maji mengi kupita kiasi hupunguza makali ya chumvi katika damu, na hali hiyo inaweza kuua. Anywe anapohisi kiu, mafunda machache kila kituo.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, au mwenye ujauzito, apite hospitalini kwanza azungumze na daktari. Wakati wa mbio, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuchanganyikiwa ni amri ya kusimama. Mlima utakuwepo mwaka ujao. Muhimu ni mkimbiaji naye awepo.

Kazi ya anayesimama kando ya barabara

Asiyekimbia ana kazi pia, na si ya makofi peke yake. Siku ya mbio mbwa wafungwe na ng'ombe wazuiliwe. Anayeteremka kwa kasi hawezi kusimama ghafla mbele ya ndama. Wenye boda boda wasifuate wakimbiaji kwa karibu, kwani moshi na hofu ya kugongwa humchosha mtu kuliko mlima.

Watazamaji wanapotia moyo, waseme kweli. Kuna tabia ya kupiga kelele, "Umefika! Umefika!" kwa mtu aliyebakisha kilomita 6. Yule maskini huongeza mwendo, anapiga kona, anakutana na mlima mwingine, na moyo unavunjika. Afadhali aambiwe, "Umebakisha vilima viwili, na cha pili ni kirefu." Hakuna anayeijua barabara hiyo kuliko anayeishi kando yake, na ujuzi huo ni msaada mkubwa kuliko chupa ya maji.

Mkimbiaji akianguka, wenyeji ndio wa kwanza kumfikia. Aliyezidiwa na joto apelekwe kivulini, alegezwe nguo, na amwagiwe maji mwilini. Aliyezimia asiyepumua, mtu mmoja apige simu 999 au 112 na kumwita mhudumu wa afya aliye karibu, na mwingine aanze papo hapo kumbonyeza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Dakika za mwanzo ndizo zinazookoa, na dakika hizo ziko mikononi mwa jirani.

Mlima huu unabeba nini

Sasa lile jambo la pili. Bwawa la Ndakaini lilikamilika mwaka wa 1994. Likijaa, lina uwezo wa kubeba mita milioni 70 za ujazo, yaani lita bilioni 70. Maji hayo hupita katika mahandaki chini ya vilima hadi mitambo ya Ng'ethu, husafishwa, kisha huingia Nairobi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hilo hutoka hapa. Mpangaji wa Eastleigh anayefungua mfereji asubuhi anakunywa mvua iliyonyesha Gatanga.

Mvua hiyo hufika bwawani kwa njia ya mito ya Thika, Githika na Kayuyu, na kwa kupitia miteremko ile ile inayomtoa jasho mkimbiaji. Mteremko wenye miti, nyasi na chai hunywa mvua na kuiachilia polepole, hata wakati wa kiangazi. Mteremko ulio mtupu huiacha ikimbie, na inapokimbia hubeba udongo. Udongo huo ukifika bwawani hutulia chini na kula nafasi ya maji. Hasara ya kwanza, hata hivyo, haiko Nairobi. Iko shambani, kwa mkulima aliyepoteza tabaka la juu lenye rutuba, ambalo hakuna mbolea ya dukani inayoweza kulirudisha kwa msimu mmoja.

Mkimbiaji makini huyaona haya kwa miguu yake. Pale penye matuta na nepia kingoni, barabara ni imara. Pale palipofyekwa hadi ukingo wa mto, barabara ina mifereji na mawe yaliyolegea, na hapo ndipo watu huteguka. Afya ya mlima na usalama wa mbio ni kitu kimoja.

Kwa hiyo mche unaopandwa kwa ajili ya mbio usiachwe mbio zinapokwisha. Unahitaji kupaliliwa, kuzungushiwa miti ili mbuzi wasiufikie, na kumwagiwa maji katika kiangazi cha kwanza. Kando ya mto, miti ya kienyeji inafaa kuliko mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Nayo matuta yakarabatiwe kabla ya mvua ndefu, wala yasingoje mvua iyabomoe.

Mama mchuma chai akivaa namba na kuzunguka bwawa hilo, hata akimaliza wa mwisho, atakuwa amepita mbele ya kazi ya mikono yake mwenyewe: chai aliyoipogoa, tuta alilolichimba, mti alioupanda. Mshindi wa kwanza ataondoka na zawadi yake jioni hiyo hiyo. Mama atabaki na mlima, na kesho yake ataupanda tena, mapaja yakiuma kidogo.

Aliye na raba aanze wiki hii, kwa dakika 1 ya kukimbia na 4 za kutembea. Aliye na jembe aanze na tuta. Aliye na vyote viwili, basi, huyo ndiye mwenye mbio.