HESABU YA KUTOA
Maneno yaliyosemwa mbele ya makarani, Omurushaka



Twataka kusema machache juu ya hesabu ya kutoa. Huenda mtu akacheka moyoni, akasema ni kazi ya watoto. Lakini kosa la mtoto hufutwa ubaoni. Kosa la karani hukaa daftarini, akalilipa mtu mwingine.

Sisi wenyewe tulipata kumwandikia mzee mmoja, mkulima wa kahawa. Deni lake lilikuwa Shs. 40,000, naye alilipa Shs. 12,750. Tulipoona sifuri juu na 5 chini, tuligeuza, tukatoa ya juu katika ya chini, tukaandika baki 32,750. Baki ya haki ni 27,250. Mzee akadaiwa Shs. 5,500 asizokopa, naye alitutumaini.

Basi, tarakimu ya juu ikipungua, tusigeuze. Tuazime kwa jirani wa kushoto, kisha tumpunguze jirani huyo. Tuseme mzigo wa kahawa ni kilo 503, na mifuko mitupu kilo 18. Makumi hayapo, twaazima mia moja, nayo ni makumi 10. Kumi moja twawapa mamoja, yabaki makumi 9. Kahawa ni kilo 485. Asahauye kupunguza mamia huandika 585, kahawa ikazidi mzigo pamoja na mifuko yake!

Tena, kila kipimo kina desturi yake. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilipoanza mwaka 1921, karani aliyeazima paundi moja aliihesabu shilingi 20, si 10. Paundi ile imepita, lakini saa ingali na dakika 60. Gari likiondoka Omurushaka saa 2.40 asubuhi, likafika mwisho wa safari saa 5.15, limekwenda saa 2 na dakika 35. Aandikaye dakika 75 ameazima mia mahali pa sitini.

Dawa ya makosa haya yote ni moja: jumlisha baki na kile ulichokitoa. 27,250 na 12,750 ni 40,000 kamili. Lakini 32,750 na 12,750 ni 45,500. Hapo kosa letu lingalijionyesha kabla mzee hajatoka mlangoni.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza: daftari lenye kosa ni baya zaidi, kwa kuwa watu huliamini.