Hedley Verity: Mrushaji wa Yorkshire, Kapteni wa Green Howards

Hedley Verity alizaliwa tarehe 18 Mei 1905 Headingley, mjini Leeds, jirani na uwanja wa kriketi. Hata hivyo, timu ya Yorkshire ilimpa mechi yake ya kwanza mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 25. Nafasi ya mrushaji wa taratibu wa mkono wa kushoto ilikuwa ya Wilfred Rhodes, na mkongwe huyo alistaafu mwaka huohuo.

Mrushaji wa aina hiyo hategemei kasi. Huuzungusha mpira kwa vidole, kisha huchagua mahali pa kuudundisha. Enzi hizo uwanja haukufunikwa mvua iliponyesha, na ardhi iliyoloa ilipoanza kukauka kwa jua, mpira uliruka na kupinda ghafla. Hapo ndipo Verity alipokuwa hashikiki.

Tarehe 12 Julai 1932, Headingley, Nottinghamshire walikwenda kula chakula cha mchana wakiwa na mikimbio 38, hawajapoteza wiketi hata moja, yaani hakuna mpigaji aliyetolewa. Waliporudi walimalizwa kwa 67. Verity alirusha ova (mafungu ya mipira) 19 na mipira 4, na ova 16 kati ya hizo hazikuzaa mkimbio wowote. Alipata wiketi zote 10 kwa mikimbio 10 tu, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo katika kriketi ya daraja la kwanza. Miaka miwili baadaye, katika uwanja wa Lord's, alichukua wiketi 15 za Waaustralia katika mechi moja, 14 kati ya hizo kwa siku moja. Alimtoa mpigaji wao Don Bradman mara mbili katika mechi hiyo, na mara 8 katika mechi zote za kimataifa. Bahati ya mvua haitoshi kueleza takwimu kama hizo.

Mechi yake ya mwisho ya daraja la kwanza ilimalizika Hove tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland. Alichukua wiketi 7 kwa mikimbio 9.

Uanajeshi wake haukuwa wa kukurupuka. Mwaka 1938, vita ikinukia, alimwendea afisa wa kikosi cha Green Howards kutaka ushauri, akapewa vitabu vya mbinu za kijeshi. Alivisoma kwa umakini uleule aliowachunguzia wapigaji. Vita ilipoanza alijiunga na kikosi hicho, akapanda hadi kapteni.

Julai 1943 kikosi chake kilitua Sicily. Usiku wa kuamkia tarehe 20, katika uwanda wa Catania, aliongoza kompania yake kupita mashamba ya nafaka yaliyokuwa yakiwaka moto. Alijeruhiwa kifuani. Akawaamuru askari wake wasonge mbele. Wajerumani walimteka, akavushwa hadi Italia bara. Alifariki Caserta tarehe 31 Julai 1943, akiwa na umri wa miaka 38, na kaburi lake liko huko.